Vichupa Vilivyooshwa kwa Udongo

Mama yangu hajawahi kuniuliza nafanya kazi gani. Anajua. Handeni nzima inajua, na vijana wa bodaboda pale stendi wanajua zaidi, maana kila nikishuka kwenye gari lazima mmoja wao aulize kitimoto imeamkaje. Anachofanya mama ni kuweka beseni la maji na kopo la udongo safi pembeni ya mlango wa uani, na mimi sivuki kizingiti kabla sijanawa. Nanawa mara saba, mara ya kwanza kwa udongo, kama tulivyofundishwa madrasa kuhusu aliyegusa mbwa au nguruwe. Sijawahi kubishana naye juu ya hilo. Na kusema kweli, mpaka niwe nimenawa ndipo huwa najisikia nimefika nyumbani.

Kazi yenyewe ni kuchukua damu. Nimeajiriwa na mradi wa utafiti unaochunguza kinga ya nguruwe, na mabanda tunayoyazungukia yako Korogwe, mengine machache upande wa Handeni kwa watu waliohamia. Watu wakisikia damu wanadhani tunapima kama vile hospitali wanavyopima malaria. Sivyo. Ndani ya chembe za damu kuna maagizo yote ya mwili, ndizo hizo jeni, lakini mwili hauyatumii yote kwa mpigo mmoja. Mengi yamelala. Ugonjwa ukiingia, au ukimchoma mnyama chanjo, damu inayaamsha maagizo ya kupigana, na inayaamsha mapema, wakati mnyama bado anakula pumba na kupiga kelele zake za kawaida. Sisi tunamshika nguruwe, tunachukua damu kidogo shingoni, tunaitia kwenye kichupa chenye dawa inayoisimamisha vilevile ilivyo, kisha maabara inasoma jeni zipi zimewaka na zipi zimezima. Naipenda kazi hii, na sioni haya kusema. Nguruwe hawezi kukueleza anaumwa wapi, lakini damu yake inaeleza kabla hata yeye hajajua.

Tatizo ni kwamba damu inasema kuna vita, lakini si kila mara inasema vita hiyo ni ya nani na nani. Damu ya nguruwe aliyechanjwa vizuri na damu ya nguruwe aliyeanza kuugua zinaweza kufanana sana mwanzoni. Ndiyo maana kila kichupa kina karatasi ya gundi yenye namba ya mnyama. Msimu ule tulikuwa tumewachanja nusu ya nguruwe wa banda moja kule Kwamndolwa, nusu nyingine tukawaacha, ili tulinganishe. Bila ile namba huwezi kujua damu inayowaka ni ya aliyechanjwa, jambo la kufurahisha, au ni ya ambaye hakuchanjwa, jambo la kumtoa mtu jasho.

Banda hilo ni la mwalimu mstaafu, mama wa Kisambaa aliyeshuka kutoka milimani zamani akaoa huku tambarare, kama anavyopenda kusema mwenyewe akitaka kukuchekesha, maana mumewe alikuwa mpole na maamuzi yote yalikuwa yake. Sasa ni mjane, Mkristo wa kanisa la mjini, na sote tunamwita Mwalimu. Anawasemesha nguruwe wake kwa sauti ileile aliyotumia kupanga wanafunzi mstarini. Jike mmoja mkubwa mwenye sikio lililochanika anamwita monita, na kweli yule jike akinyamaza, wote wananyamaza.

Sasa nirudi nyumbani, maana kisa chenyewe kilianzia huko.

Baba alifariki nikiwa bado chuoni. Tulibaki mama, mimi, na mdogo wangu wa kike. Babu alishatangulia. Kwa hiyo mdogo wangu alipopata mchumba, fundi seremala wa hukohuko Kwamndolwa, mtu wa kumwozesha nilikuwa mimi. Kaka ndiye walii. Anakaa mbele ya bwana harusi, wanashikana mikono ya kulia, anatamka maneno, mashahidi wanasikia, ndoa imefungwa. Baba aliniachia vitu vichache sana vya kufanya kwa niaba yake, na hili lilikuwa kubwa kuliko yote. Nililingoja kwa miaka. Nilishashonesha kanzu, mama akaipiga pasi na kuitundika kwenye msumari chumbani kwangu wiki mbili kabla, ikiwa imefunikwa kwa khanga isishike vumbi.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu, hakutaka. Si mtu mbaya. Alitusaidia sana tulipofiwa, na labda kwa sababu hiyo alijiona mwenye nyumba. Katika kikao cha familia alisema mbele ya wazee, taratibu, bila hasira:

"Mkono unaoshika nguruwe hautashika mkono wa bwana harusi ndani ya nyumba ya kaka yangu."

Wazee wakatazama mkeka. Shehe wetu, mtu wa makamo anayefundisha madrasa, alijaribu kueleza kwamba najisi huoshwa, na ikishaoshwa imekwisha, lakini baba mdogo alikuwa ameshatoa kauli na ni mgumu wa kurudi nyuma. Hasira zangu huwa haziji kwa maneno. Aliyesema ni mdogo wangu, aliyekuwa nyuma ya pazia na wanawake. Alisema kama si kaka, basi harusi isubiri mpaka iwe kaka. Hakupaza sauti. Nakumbuka nilitaka kulia na nikajifanya nakohoa.

Kikao cha pili kiliitwa jioni ya Jumatatu, wiki ya harusi. Siku hiyo nilikuwa nimechukua damu Kwamndolwa tangu asubuhi, na gari la maabara lingepita Segera kesho yake. Nikaona nibebe sanduku la barafu mpaka Handeni, nilale, alfajiri niwahi Segera. Mama alinipokea na beseni lake. Nilinawa. Lakini sanduku hakutaka liingie ndani, na alikuwa na haki. Tuliliweka kwenye jiko la uani, juu ya tofali, nikamwomba asiruhusu kuku walipande. Kikao kikavunjika bila jibu. Baba mdogo aliondoka akisema atalifikiria usiku.

Nilipotoka chumbani baada ya sala ya alfajiri nilimkuta baba mdogo uani, amekaa kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi. Mbele yake, juu ya mkeka mpya, lilikuwa sanduku langu. Sijawahi kuliona jeupe vile hata siku nilipokabidhiwa. Beseni lilikuwa na tope, na mikono ya mama ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amemtumia baba mdogo ujumbe aje mapema, aone kwa macho yake. Aliliosha sanduku mara saba mbele yake, akihesabu kwa sauti, kisha akamwuliza kama kuna kitu kingine cha mwanawe ambacho angependa kioshwe.

Baba mdogo alicheka. Ndiyo, alicheka, na alipocheka alifanana sana na baba. Akaniambia safi ni safi, hana neno tena, Ijumaa nitaushika mkono wa bwana harusi. Nikambusu mama mkono wenye udongo hivyohivyo. Sanduku lilikuwa limefungwa barabara kwa mkanda wake, nami sikulifungua, kwa kuwa ukilifungua ovyo baridi inatoka. Nililibeba mpaka Segera nikiwa na furaha ya kipumbavu, nikamkabidhi dereva wa maabara, nikanunua mkungu wa ndizi mbivu nisizozihitaji, nikapanda gari la Korogwe kumalizia kazi ya kupima joto la nguruwe. Mpango ulikuwa kurudi nyumbani Alhamisi.

Alhamisi asubuhi begi langu lilikuwa mlangoni kwa Mwalimu. Nilikuwa nimeshavua buti, navaa viatu vya safari, simu ikaita. Ilikuwa bosi wangu wa maabara, mama mmoja makini asiyependa salamu ndefu. Aliniuliza kwa nini vichupa vimekuja bila karatasi. Nikamwambia vilikuwa na karatasi, niliandika mwenyewe. Akasema hakuna hata kimoja chenye karatasi, vinang'aa kama vikombe vya harusini.

Nilikaa chini palepale kwenye ngazi na kiatu kimoja mguuni. Nilikuwa nimedhani mama ameosha sanduku tu. Haikunijia akilini kwamba mama yangu, akishaamua kusafisha, hawezi kuosha sufuria nje akaacha ndani.

Bosi aliendelea. Damu yenyewe ilikuwa salama, kwa hiyo waliamua kuisoma ilivyo. Baadhi ya vichupa vilikuwa vinawaka sana, jeni zile zinazoamka virusi vinapoingia. Huenda ni waliochanjwa. Huenda si wao. Kuhesabu hakukusaidia, maana chanjo haiwashi damu ya kila mnyama kwa nguvu moja, na huwezi kusema hawa ni wengi mno au wachache mno. Na wiki hiyohiyo kulikuwa na tetesi za homa ya nguruwe, ile inayomaliza banda zima na haina dawa. Akasema hakuna nguruwe atakayetoka, hakuna pumba itakayoingia, na aliyekuwa ndani abaki ndani mpaka tuchukue damu upya, yenye namba, isomwe. Nikamwuliza na mimi. Akasema hasa mimi.

Homa hiyo haimpati binadamu hata kidogo, lakini binadamu anaibeba. Inakaa kwenye soli, kwenye upindo wa suruali, kwenye kamba ya kumshikia nguruwe. Na mimi ndiye mtu anayetoka banda hili kwenda lile, Korogwe mpaka Handeni. Kama ningekuwa mtunga sheria, mtu wa kwanza kumfungia angekuwa mimi. Nilimweleza bosi kuhusu harusi. Akasema pole, kisha akarudia alichosema.

Mchana daktari wa mifugo alikuja akafunga utepe kwenye geti na kuweka beseni la dawa ya kukanyaga. Mwalimu na mimi tukawashika nguruwe wote upya. Niliandika namba mara mbili, moja kwenye karatasi na nyingine juu ya kichupa chenyewe, nikazifunika kwa selotepu mpaka Mwalimu akaniuliza kama navisafirisha kwenda ng'ambo. Yule monita alikataa kushikwa, akanisukuma ukutani, akanikandamiza kwa ubavu wake mzito mpaka pumzi ikakata. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Dereva alikuja, sanduku likapuliziwa dawa getini pande zote, likaondoka. Sanduku liliruhusiwa.

Baada ya hapo hakukuwa na kazi. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mtu akifungiwa mahali akiwa na kazi anajisahau. Mimi nilikaa barazani kwa Mwalimu nikatazama ua. Ni ua wa mkonge, umezeeka, na upande wa chini una pengo ambalo kuku wa jirani huingilia. Mtu mwembamba anapita bila hata kuchanika shati. Nje ya pengo kuna kinjia, kinjia kinatokea barabarani, na barabarani bodaboda hazikosekani. Nilihesabu safari yote kichwani, tena na tena: pengo, bodaboda, stendi ya Korogwe, Handeni, beseni la mama, kanzu. Kila nikimaliza naanza upya. Niliwasikia nguruwe nyuma ya nyumba wakigombania maganda, nikawachukia kwa chuki ya kweli, wao pamoja na damu zao zinazojua kila kitu isipokuwa kunitoa pale.

Mwalimu alinitazama muda mrefu. Yeye mwenyewe alikuwa na mengi ya kuwaza, maana kama ingekuwa homa, nguruwe wake wote wangezikwa shimoni kwa siku moja. Hakulitaja hilo. Alikuwa amempigia simu jirani amletee sufuria mpya, sahani mpya na kijiko, vyote vikapitishwa juu ya geti, akanipikia wali na maharage kwenye mawe matatu pembeni, mbali na jiko lake. Sufuria ilikuwa bado na karatasi ya dukani chini yake na iliungua, chakula kikanukia gundi. Akanionyesha na mahali pa kusalia, juu ya jukwaa la saruji la tangi la maji, ambapo hakuna nguruwe aliyewahi kufika. Aliliosha yeye. Nilimshukuru nikiwa na aibu, kwa kuwa dakika chache kabla nilikuwa namlaumu moyoni kwa kufuga.

Jioni aliniambia, akiwa amenipa mgongo anakoroga uji wa watoto wa nguruwe:

"Mimi naingia ndani sasa. Lile pengo kule chini nalijua, na siliangalii. Ila ukiondoka, usipite kwa jirani yangu wa bondeni. Ana jike mmoja tu na amezaa juzi."

Akaingia. Nilishuka mpaka kwenye pengo. Nilisimama hapo. Kutoka pale unaona kabisa banda la huyo jirani wa bondeni, la mabanzi, na kinjia kinapita ubavuni mwake, hakuna kingine. Nilijaribu kujiambia buti nimeziacha, nguo nimebadilisha, miguu nimeosha kwa dawa. Lakini nilikuwa nimemkumbatia yule monita mchana uleule, na mate yake yalikuwa yamenikaukia kwenye nywele. Nikarudi barazani. Sikujisikia mtu mwema. Nilijisikia nimebanwa huku na huku, nikachagua upande ambao ningeweza kuishi nao, na niliuchukia vilevile.

Nilikuwa nimempigia mama mapema kumwambia nimezuiwa kikazi. Hakuelewa, alidhani nitatokea tu Ijumaa asubuhi, kama ninavyotokea siku zote. Ijumaa asubuhi nikamwambia tena. Safari hii aliniuliza swali moja, kama kanzu airudishe kwenye sanduku la nguo au aiache msumarini. Nikamwambia aiache.

Niliogea kwenye bomba la nje. Kisha nikachota udongo chini ya mgomba, nikanawa mikono mara saba, pale pale ndani ya ua wa nguruwe, nikijua kabisa haina maana yoyote. Nikapanda juu ya jukwaa la tangi na simu yangu, nikangoja sala ya Ijumaa iishe kule Handeni.

Simu iliita. Alikuwa baba mdogo, na nilisikia kwa mwangwi kwamba ameweka sauti ya nje. Nyuma yake kulikuwa na watu wengi, vikombe, mtu akikohoa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Kwamndolwa. Tumefungiwa. Kuna hofu ya ugonjwa."

"Unaumwa?"

"Hapana. Hofu ni ya nguruwe."

Kukawa na kicheko kidogo kikazimwa upesi. Baba mdogo hakucheka. Alikuwa amewatangazia wazee msikitini, kwa kinywa chake, kwamba mtoto wa kaka yake ndiye atakayeozesha. Alikuwa amerudi nyuma kwenye kauli yake mbele ya watu, jambo ambalo sidhani aliwahi kulifanya maishani, na mimi nikamwacha amesimama peke yake.

"Mwanangu," akasema, "sisi tumekuosha. Mama yako ameosha mpaka sanduku lako, mimi shahidi. Ulitaka tufanye nini tena? Hakuna mtu anayefungwa na nguruwe. Sema tu kama umewachagua wao."

Na hapo nikamsikia mama, si karibu na simu, labda mlangoni kwa wanawake, akisema kwa sauti ya kunitetea: "Niliosha mimi mwenyewe. Vyote. Hana uchafu mwanangu."

Jibu lilikuwa mdomoni. Sentensi moja tu ingetosha. Kwamba sikuchagua, kwamba vichupa vingekuwa na karatasi zake ningekuwa nimekaa pale mbele yao tangu jana, na karatasi zilitoka kwa udongo. Watu wangeelewa. Baba mdogo angeelewa. Na mama angesimama mlangoni mbele ya wakwe na majirani, siku ya harusi ya binti yake, akijua kwamba mikono yake ndiyo iliyonifungia nje. Nililimeza lile jibu. Lilikuwa gumu kushuka, na sijui kama limeshuka mpaka leo.

"Si hivyo, baba," nikasema. "Kosa ni langu, sikupanga safari vizuri. Naomba nikupe wewe uwakili. Mwozeshe mdogo wangu kwa niaba yangu."

Kisha nikasikia sauti ya shehe, akaniomba nitamke vizuri ili mashahidi wanitambue, nitaje yule ninayemwozesha na kwa nani. Nikataja. Akaniuliza kama natoa uwakili huo kwa hiari yangu, bila kulazimishwa na mtu wala jambo.

Nilitazama geti lenye utepe. Chini yangu monita alikuwa akijikuna kwenye nguzo ya tangi na jukwaa lote likitikisika.

"Kwa hiari yangu," nikasema.

Hawakukata simu, sijui ni kwa kusahau au kwa makusudi ya mtu mmoja mwema. Nikasikia yote. Nikamsikia baba mdogo akitamka maneno niliyokuwa nimeyakariri, yule seremala akijibu kwa haraka na kutetemeka, kisha vigelegele vikaifunika simu nzima. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umenyooka mbele yangu. Sikujua nimeunyoosha lini. Udongo ulikuwa umeukaukia kwenye kucha.

Bibi harusi aliletwa Kwamndolwa jioni ileile, jua likiwa bado juu. Nilijua watapita, hakuna barabara nyingine. Mwalimu naye alijua, akavaa kitenge chake kizuri akaja kusimama nami getini, ndani ya utepe, mimi nikiwa na buti. Gari la mbele lilikuwa na maua ya plastiki. Lilipofika kwetu likapunguza mwendo, na kioo cha nyuma kikashuka. Mdogo wangu hakupaswa kujifunua, lakini alitoa mkono, wenye hina mpaka kwenye kiwiko, akauacha nje hivyo, wazi, kama mtu anayengoja kupewa kitu. Kati yetu kulikuwa na beseni la dawa na hatua chache za vumbi. Mimi nikainua wangu. Mwalimu alipiga kigelegele cha Kisambaa, kirefu na cha ajabu, mpaka nguruwe wakanyamaza. Kisha gari likaondoka, nyumba yake mpya haipo mbali na pale, na nikalia bila kujifanya nakohoa.

Majibu yalikuja baada ya harusi kupoa. Bosi alikuwa na furaha, nadra kwake. Damu zote zilizokuwa zinawaka zilikuwa za waliochanjwa, na wale wengine walikuwa wametulia kabisa. Hakukuwa na homa. Alisema kinga ya banda lile ni nzuri kuliko alivyotarajia, na kwamba jike mwenye sikio lililochanika ndiye aliyewaka kuliko wote. Mwalimu alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa akafunika uso kwa kitenge, akakaa hivyo muda mrefu. Bosi akaniuliza ilikuwaje karatasi zikatoka. Nikamwambia ziliingia maji. Akasema kuanzia sasa masanduku yasilale nyumbani kwa mtu, nikakubaliana naye.

Nilirudi Handeni siku ya soko. Vijana wa stendi hawakunitania, na hilo lilinitia unyonge kuliko utani wao wote. Mama alikuwa mlangoni, beseni tayari, kopo la udongo tayari. Nyuma yake kupitia mlango wa chumba changu niliiona kanzu, bado msumarini. Alinitazama miguu, kisha uso, akasema nimekonda. Nikanyoosha mikono, akanipaka udongo yeye mwenyewe, kidole kwa kidole, kama alivyokuwa akinifanyia nikiwa mdogo.

"Baba yako mdogo ameanza kupoa," akasema. "Jana kaulizia unarudi lini."

Nikasema vizuri.

"Wewe hukuona siku ile," akaendelea, akisugua. "Lile sanduku lilimwacha hivihivi. Alikuwa bado ananuna. Nikasema ngoja. Nikalifungua, nikatoa vile vichupa kimoja kimoja, nikavisugua mpaka yale makaratasi machafu yakabanduka yote, nikamwekea kimoja mkononi mwake. Kilikuwa kinang'aa. Ndipo aliposema haya, kaka mtu aozeshe." Akaniinulia macho, na macho yake yalikuwa na raha niliyokuwa sijaiona tangu baba afariki. "Mimi ndiye niliyekupatia, mwanangu. Hata kama hukuwahi kufika."

Nikamwambia asante, mama. Akachukua kata, akachota, akanimiminia maji ya kwanza.